Namna ya Kusoma Vitabu vya Biashara na Kuvuna Mafunzo ya Uongozi na Ubunifu: Mwongozo Kamili

Msomaji wa vitabu vya biashara anafanana na hakimu anayesikiliza shahidi. Shahidi ana jambo aliloliona kwa macho yake, lakini pia ana mahali aliposimama alipoliona, ana sababu zake za kulisimulia, na yapo mengine ambayo hakuyaona kabisa. Hakimu hamfukuzi mahakamani kwa ajili hiyo, wala hapokei kila neno lake bila kulipima. Humhoji, hulinganisha kauli zake na za mashahidi wengine, kisha hutoa uamuzi unaolihusu shauri lililo mbele yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya kazi hiyo hatua kwa hatua, tangu kabla ya kukifungua kitabu hadi pale somo lake linapojaribiwa kazini.

Nasisitiza mfano wa shahidi kwa sababu kosa linalowagharimu wasomaji wengi si uvivu. Wengi wao husoma kwa bidii, hupigia mistari, hunakili kauli za kuvutia, na baada ya mwaka mmoja hawawezi kutaja uamuzi hata mmoja walioufanya tofauti kwa sababu ya kitabu walichokisoma. Walisoma kitabu kana kwamba ni sheria iliyokwisha kupitishwa, na sheria isiyo na kesi ya kuiamua hubaki kwenye rafu.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kuchagua kitabu

Kwa kawaida mtu huanza na kitabu chenyewe: kimesifiwa, kinauzwa sana, au mkubwa wake wa kazi amekitaja kikaoni. Anza na tatizo ulilonalo. Swali kama "Nitakuwaje kiongozi bora?" ni pana mno kiasi kwamba kila kitabu kitaonekana kulijibu, na jibu linalotoka kila mahali halikusaidii kuamua lolote. Swali linalofaa lina watu ndani yake, lina kazi inayojulikana, na lina kipindi. Kwa mfano: "Kwa nini wasimamizi walio chini yangu hawaniletei habari mbaya mpaka tatizo limeshakuwa kubwa?" Au: "Bidhaa yetu kuu bado inaleta faida, lakini wateja wapya wanapungua mwaka hadi mwaka, nitajuaje kwamba wakati wa kuanzisha bidhaa nyingine umefika?"

Liandike swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na chini yake uandike jibu ulilonalo sasa, hata kama ni jibu dhaifu. Hili la pili watu huliruka, nami naliona kuwa muhimu kuliko la kwanza. Ukishamaliza kusoma, akili itakuaminisha kwamba ulikuwa ukifikiri hivyo tangu zamani, na hutaweza kujua kama kitabu kimekubadilisha au kimekubembeleza tu. Jibu lililoandikwa mapema ndilo litakalokuonyesha tofauti.

Hatua ya pili: mtambue shahidi wako

Vitabu vya biashara si vya aina moja, na kila aina ina nguvu yake na upofu wake. Kumbukumbu zilizoandikwa na kiongozi mwenyewe zina jambo lisilopatikana kwingine: hofu, mashaka na mabishano yaliyokuwamo chumbani kabla ya uamuzi kufanyika. Hata hivyo, mwandishi wake anatetea jina lake, mara nyingi ameandika miaka mingi baadaye, na anajua mwisho wa hadithi. Hivyo mambo yaliyotokea kwa bahati huanza kuonekana kama yalipangwa. Vitabu vya utafiti vinavyolinganisha kampuni nyingi vinajaribu kuondoa upendeleo huo, lakini thamani yake yote imo katika namna kampuni hizo zilivyochaguliwa. Simulizi za waandishi wa habari na wanahistoria hutoa sauti za pande nyingi, zikiwamo za wafanyakazi wa chini na za walioshindwa, ingawa mara nyingi haziishii kwenye ushauri wowote. Viko pia vitabu vya mbinu, ambavyo hueleza utaratibu wa kuendesha vikao, kupanga malengo au kujaribu bidhaa mpya. Hivi ni vya kutumia, na usipovitumia ndani ya wiki chache ni afadhali usivisome.

Kabla ya kununua au kuazima, jiulize mwandishi anaishi kwa kazi gani. Mshauri anayeuza huduma inayotokana na nadharia iliyomo kitabuni si lazima awe mwongo, lakini ana sababu ya kuipanua nadharia yake kuliko ushahidi unavyoruhusu. Angalia pia mwaka wa kuchapishwa na uulinganishe na hali ya kampuni zinazosifiwa. Jarida la biashara la Fortune liliitaja Enron, iliyofanya biashara ya nishati, kuwa kampuni ya Marekani yenye ubunifu mkubwa kuliko zote kwa miaka sita mfululizo, na mwezi Desemba 2001 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi huku hesabu zake zikiwa zimebainika kuwa za udanganyifu. Aliyesoma sifa hizo mwaka 2000 na aliyezisoma mwaka 2002 walisoma maneno yale yale, lakini hawakusoma kitu kimoja.

Hatua ya tatu: kipitie kitabu chote kwa saa moja

Soma yaliyomo, utangulizi, sura ya mwisho, na aya ya kwanza na ya mwisho ya kila sura. Fungua tanbihi zilizoko nyuma uone kama madai makubwa yana chanzo au yanaelea. Lengo ni kuweza kuandika kwa sentensi mbili kile ambacho mwandishi anadai, na kuchagua sura tatu au nne zinazohusu swali lako. Vitabu vingi vya aina hii vina wazo moja lililorefushwa kwa mifano mingi, na hakuna dhambi yoyote kusoma robo ya kitabu kwa umakini na kuyaacha mengine.

Hatua ya nne: tenganisha tukio, sababu na ushauri

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ninashauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Gawa ukurasa wa daftari katika safu tatu. Katika safu ya kwanza andika tukio: jambo lililotendeka, nani alilitenda, mwaka gani. Katika safu ya pili andika sababu ambayo mwandishi anaitoa kueleza kwa nini jambo hilo lilileta matokeo yake. Katika safu ya tatu andika ushauri anaokupa wewe. Waandishi hodari huyasuka mambo haya matatu kwa ustadi mkubwa, hivi kwamba ukiliamini tukio, unajikuta umeziamini sababu na kuukubali ushauri bila kuulizwa.

Chukua kisa kimoja kinachosimuliwa mara nyingi. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na ikajijengea jina kwa kutengeneza chipu za kumbukumbu, yaani zile zinazohifadhi data ndani ya kompyuta. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, watengenezaji wa Japani walikuwa wakizalisha chipu hizo kwa ubora mkubwa na kwa bei ya chini, na Intel ilikuwa ikipoteza fedha. Andy Grove, aliyekuwa rais wa kampuni, ameeleza kwamba mwaka 1985 alimuuliza Gordon Moore, mkurugenzi mtendaji wa wakati huo, swali hili: iwapo bodi ingewafukuza na kumleta mtu mpya, mtu huyo angefanya nini? Moore alijibu kwamba angeachana na chipu za kumbukumbu. Grove akauliza kwa nini basi wao wenyewe wasitoke mlangoni, warudi ndani, na kulifanya jambo hilo. Intel ikaiacha biashara iliyoizaa na kuweka nguvu zake kwenye maikroprosesa, yaani chipu zinazoendesha kazi za kompyuta.

Tukio ni hilo. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni ujasiri wa viongozi wawili walioweza kujitazama kama wageni katika kampuni yao wenyewe. Ushauri unaofuata ni kwamba kiongozi awe tayari kuua biashara ya zamani kabla haijamuua yeye. Sasa ihoji safu ya pili. Je, ujasiri huo ungetosha kama Intel isingekuwa na kitu kingine mkononi? Kampuni hiyo ilikuwa imeshatoa maikroprosesa yake ya kwanza mwaka 1971, na mwaka 1981 IBM ilikuwa imeichagua maikroprosesa ya Intel kwa kompyuta yake binafsi. Viongozi hawa waliruka, lakini waliruka kutoka kwenye mashua inayozama kwenda kwenye mashua iliyokuwa tayari majini.

Liko na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo somo kubwa zaidi la kisa hiki. Robert Burgelman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyechunguza kipindi hicho ndani ya Intel, alionyesha kwamba mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza chini kabla ya mazungumzo yale ya juu. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kugawa uwezo wa viwanda kwa kufuata bidhaa iliyoleta faida kubwa zaidi kwa kila kipande cha silikoni kilichotumika. Kwa kuwa maikroprosesa zilikuwa na faida kubwa, mameneja wa ngazi za kati, wakifuata kanuni tu, walikuwa wameshahamishia sehemu kubwa ya uzalishaji huko, wakati viongozi wakuu bado wakijiita watengenezaji wa chipu za kumbukumbu. Ushauri unaotoka hapa ni tofauti na ule wa kwanza: chunguza kanuni za kugawa rasilimali katika taasisi yako, kwa maana kanuni hizo zinaamua mkakati kila siku hata wakati viongozi hawajakutana, na uwasikilize watu wa kati ambao mikono yao imeshabadilisha mwelekeo kabla ya midomo yao kusema.

Tukio moja limetoa ushauri wa aina mbili. Msomaji aliyeliacha tukio na ushauri vikiwa vimegandana angeupata ule wa kwanza peke yake, na pengine angekwenda kufunga idara inayomlisha kabla hajajenga ya kuishika nafasi yake. Ongeza kwamba uamuzi huo haukuleta raha ya papo hapo: mwaka 1986 Intel iliandika hasara, na maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi zao. Kila unapoandika tukio, andika pia gharama yake na waliolipa.

Hatua ya tano: watafute wasiohojiwa

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanatakwimu Abraham Wald alihusika katika uchunguzi wa uharibifu wa ndege za kivita. Data zilizopatikana zilitoka kwa ndege zilizorudi salama, na kishawishi kilikuwa kuimarisha sehemu zenye matundu mengi ya risasi. Hoja yake ilikwenda kinyume: ndege zilizopigwa kwenye sehemu nyingine hazikurudi kuhesabiwa, kwa hiyo sehemu zisizo na matundu katika ndege zilizorudi ndizo zilizohitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Rafu ya vitabu vya biashara imejaa ndege zilizorudi. Ukisoma kwamba waanzilishi kumi waliofanikiwa wote waliacha kazi na kuweka akiba yao yote rehani, swali linalofuata ni wangapi walifanya vivyo hivyo na hawakupata wa kuwaandikia kitabu.

Watafiti wazuri wanaijua hatari hii na hujitahidi kuiepuka. Jim Collins na timu yake, katika kitabu Good to Great kilichotoka mwaka 2001, walianza na kampuni 1,435 na kubakiza 11 zilizopanda kutoka uzuri wa kawaida hadi ubora mkubwa, kisha wakazilinganisha na kampuni nyingine za sekta zile zile ambazo hazikupiga hatua hiyo. Huo ni uangalifu unaostahili heshima, na unaufanya utafiti wao kuwa bora kuliko vitabu vingi vinavyosimulia washindi peke yao. Hata hivyo, mwezi Septemba 2008 serikali ya Marekani ililazimika kuiweka Fannie Mae, kampuni ya mikopo ya nyumba iliyokuwa mojawapo ya zile 11, chini ya usimamizi wake, na mwezi Novemba mwaka huo huo Circuit City, kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki, nayo ikiwa mojawapo, iliomba ulinzi wa ufilisi. Mtetezi atasema kwamba kampuni hizo ziliacha kanuni zilizozikuza, na huenda ana hoja. Mimi nashauri kuweka alama kwenye jambo jingine: sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye mahojiano na makala za magazeti, na kampuni inapopata faida, wanaohojiwa na wanaoandika huona kila kitu chake kuwa kizuri.

Upofu huo una historia ndefu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba makamanda wa jeshi walipowapima askari, aliyepata alama nzuri kwa sifa moja alielekea kupewa alama nzuri kwa sifa nyingine zisizohusiana nayo. Katika biashara, mapato yakipanda, kiongozi huitwa mwenye maono na msimamo thabiti. Yakishuka, mtu yule yule huitwa mkaidi. Kwa hiyo, kila unapokutana na maneno kama "utamaduni imara", "maono" au "kumjali mteja", uliza yalipimwaje na lini. Kama yalipimwa baada ya faida kuonekana, yaandike kwa penseli.

Hatua ya sita: katika vitabu vya uongozi, fuata uamuzi na uache haiba

Tabia za viongozi mashuhuri hupingana. Mmoja ni mkali na mwingine mpole, mmoja huamka alfajiri na mwingine hufanya kazi usiku wa manane, na orodha ya tabia zao haimfundishi mtu chochote anachoweza kukitenda kesho. Uamuzi hufundisha, hasa ule uliokuwa na gharama. Kwa kila uamuzi mkubwa unaosimuliwa, simama kabla ya kusoma matokeo yake, funika ukurasa, na uandike wewe ungefanya nini kwa habari zilizokuwapo siku ile. Zoezi hili linachosha, lakini ndilo lililonifundisha zaidi ya mengine yote.

Mwaka 1982 watu saba walifariki katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol ambavyo mtu asiyejulikana alikuwa amevitia sumu ya sianidi. Johnson & Johnson, kampuni mama ya mtengenezaji, iliziondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 nchi nzima, kwa gharama iliyozidi dola milioni 100, kisha ikairudisha dawa hiyo sokoni ikiwa katika vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa. Vitabu vingi huishia kwenye ushujaa wa siku zile. Msomaji anayefuata uamuzi atarudi nyuma kuuliza kilichouwezesha. Kampuni ilikuwa na tamko la wajibu lililoandikwa mwaka 1943, linaloweka wateja mbele ya wanahisa; na katika miaka ya 1970, James Burke, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wakati wa mkasa, aliwaita mameneja wajadili waziwazi kama bado wanaliamini au liondolewe ukutani. Mkasa ulipofika, mjadala kuhusu nani atangulie ulikuwa umeshafanyika kwa utulivu, miaka kadhaa nyuma. Mwenye swali kuhusu uongozi wakati wa misukosuko anapata hapa kazi mahususi: ni ubishi gani unaopaswa kumalizwa sasa, wakati hakuna moto unaowaka?

Hatua ya saba: katika vitabu vya ubunifu, hesabu miaka na utafute mfumo

Simulizi za ubunifu hupenda dakika moja ya mwanga. Ukisoma ukiwa na kalamu na kalenda, dakika hiyo hugeuka kuwa miaka. Mwaka 1968 Spencer Silver, mkemia wa kampuni ya 3M, alipata gundi iliyoshika kidogo na kubanduka kwa urahisi, ambayo hakuna aliyeona matumizi yake. Mwaka 1974 mfanyakazi mwenzake, Art Fry, aliyekuwa akisumbuliwa na vialama vya karatasi vilivyodondoka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo kanisani, aliikumbuka gundi hiyo. Jaribio la kuuza vikaratasi hivyo mwaka 1977 halikufanikiwa, mpaka kampuni ilipogawa sampuli za bure katika mji wa Boise na watu wakaanza kuagiza tena. Post-it Notes ziliingia sokoni kote Marekani mwaka 1980, miaka 12 baada ya gundi kupatikana.

Ukiishia kwenye "ajali njema", huna la kufanya zaidi ya kungoja ajali yako. Ukitafuta mfumo, unaona mambo yanayoigika: kampuni iliyowaruhusu wanasayansi wake kutumia asilimia 15 ya muda wao kwenye mawazo yao wenyewe, mkemia aliyeendelea kuwaeleza wenzake kuhusu gundi yake isiyo na kazi kwa miaka kadhaa, ndiyo maana Fry aliijua, na watu wa masoko waliotambua kwamba bidhaa ambayo mteja hajawahi kuihitaji haielezeki kwa tangazo, bali lazima aishike mkononi.

Visa vya walioshindwa navyo visomwe kwa subira hiyo hiyo, kwa sababu vimefupishwa vibaya zaidi. Husemwa kwamba Kodak, kampuni iliyojulikana kwa filamu za kupigia picha, iliangamia kwa kuipuuza kamera ya dijiti. Ukweli una uzito zaidi. Mhandisi wake, Steven Sasson, aliunda kamera hiyo mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kampuni iliwekeza fedha nyingi katika teknolojia hiyo, na mwaka 2005 ilikuwa ikiongoza kwa mauzo ya kamera za dijiti nchini Marekani. Iliomba ulinzi wa ufilisi Januari 2012. Tatizo lake kubwa lilikuwa kwamba filamu ilikuwa na faida ambayo kamera za dijiti hazingeweza kuikaribia, na muda si mrefu simu zikaanza kuzimeza kamera zenyewe. Mshindani wake Fujifilm, aliyekabiliwa na kuporomoka kule kule kwa soko la filamu, alitumia ujuzi wake wa kemia kutengeneza tando za skrini za kioo kimiminika (LCD), vipodozi na bidhaa za afya. Swali la "tuliiona teknolojia mpya?" linageuka kuwa "tunajua kutengeneza nini, na ujuzi huo unahitajika wapi kwingine?" Hilo la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo la kwenda nalo ofisini.

Hatua ya nane: funga kitabu ndipo uandike

Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya mambo yaliyokaririwa hupotea katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi hupunguza upotevu huo. Kupigia mistari hakutoshi, kwa kuwa jicho linapita tena juu ya maneno yaliyozoeleka na akili inadhani imejifunza. Mwisho wa kila sura, funga kitabu na uandike kwa kumbukumbu, kwa maneno yako, madai makuu na ushahidi wake. Kifungue tena urekebishe ulipokosea. Ukimaliza kitabu, toa ukurasa mmoja tu: swali lako, jibu lako la awali, jibu lako la sasa, na jambo moja ambalo bado linakutia shaka.

Hatua ya tisa: geuza somo kuwa jaribio dogo

Tafadhali usiwatangazie wafanyakazi wako mageuzi makubwa Jumatatu baada ya kumaliza kitabu Jumapili. Timu inayoongozwa na msomaji wa namna hiyo hujifunza kunyamaza na kungoja, ikijua kwamba kitabu kingine kitakuja na mageuzi haya yatasahaulika. Heshima kwa watu unaowaongoza inadai kwamba ujaribu kwanza kwa kiwango ambacho kikishindikana hakitaumiza mtu.

Jaribio liandikwe kwa sentensi moja yenye sehemu nne: tutafanya jambo gani, na nani, tunatarajia kuona mabadiliko gani, na tutaamua lini kama liendelee au liachwe. Tuseme swali lako ni lile la wasimamizi wanaoficha habari mbaya. Umesoma kuhusu mbinu iliyoelezwa na mwanasaikolojia Gary Klein, ambamo timu, kabla ya kuanza mradi, hujifanya kwamba mradi umekwisha kushindwa kabisa, kisha kila mmoja huandika peke yake sababu za kushindwa huko. Nguvu ya mbinu hii ni kwamba inabadilisha heshima ya chumba: anayetaja hatari haonekani tena mpinzani wa mradi, bali mtu anayejua kufikiri. Sentensi yako inaweza kuwa hivi: "Katika miradi miwili ijayo, wasimamizi wote watafanya zoezi hili kwa dakika 30 kabla ya kuanza, natarajia kusikia walau hatari mbili ambazo sikuzijua, na taarifa za matatizo zinifikie mapema kuliko ilivyokuwa katika miradi miwili iliyopita, tutaamua mradi wa pili utakapokwisha." Kumbuka kwamba kiongozi azisome karatasi zake mwisho. Akianza yeye, wengine wote watamfuata.

Andika pia mapema kitakachokufanya uliache jaribio. Bila sharti hilo, utayatetea matokeo kwa sababu ulikipenda kitabu.

Hatua ya kumi: rudi na ukurasa ule mmoja

Baada ya miezi mitatu, uchukue ule ukurasa mmoja na matokeo ya jaribio, uketi na mwenzako mmoja aliyesoma kitabu hicho hicho au, bora zaidi, kitabu chenye maoni tofauti kuhusu jambo lilo hilo. Mwombe atetee upande wa mwandishi pale ambapo jaribio lako limeshindikana, nawe umweleze ni mazingira gani yaliyokuwapo kitabuni na hayakuwapo kwako: mtaji, ukubwa wa soko, uhuru wa kuajiri, muda. Orodha hiyo ya tofauti iandikwe nyuma ya ukurasa ule ule, kisha ukurasa uwekwe pamoja na mingine. Zikifika kurasa tano au sita, zisome zote kwa kikao kimoja kabla ya kuchagua kitabu kingine, kwa kuwa swali lako linalofuata kwa kawaida limeshaandikwa humo, kwenye ule mstari wa jambo linalotia shaka.